Tarakilishi haijui joto la Garissa

Mwalimu wa elektroniki aliye Garissa, Wajir au Mandera anapofungua programu ya kuiga saketi katika tarakilishi, programu hiyo huanza kazi kwa kudhani jambo ambalo hakuna aliyeiambia: kwamba mahali ilipo, joto ni nyuzi 27. Hiyo ndiyo nambari iliyowekwa na wabunifu wa programu za jamii ya SPICE, nayo hutumika hadi mtumiaji mwenyewe atakapoibadilisha. Wakati huo huo, nje ya dirisha la darasa, adhuhuri ya Machi mjini Garissa hupita nyuzijoto 35 kivulini, na ndani ya sanduku la chuma lililofungwa na kuachwa juani joto laweza kufika 60. Mwanafunzi haonyeshwi onyo lolote. Anaona tu mstari wa kijani ukipanda na kushuka kwa utaratibu mzuri, na anaamini kwamba kazi yake imekwisha.

Tofauti hiyo ya nyuzi thelathini na kitu si jambo la kupuuzwa. Volti inayohitajika ili diodi ya silikoni ipitishe umeme hupungua kwa takribani milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kutoka 27 hadi 60 ni punguzo la milivolti 66 hivi. Katika transista ambayo besi yake imepewa volti isiyobadilika, punguzo hilo latosha kuuongeza mkondo wa umeme takribani mara kumi. Saketi iliyotulia tuli katika kioo cha tarakilishi itachemka na kuungua katika kibanda cha fundi. Mwanafunzi atailaumu transista, atamlaumu mwenye duka aliyemwuzia, na pengine atajilaumu mwenyewe kwamba hakuzaliwa na akili ya sayansi, ilhali kilichomponza ni nambari moja ambayo hakujua kwamba ipo.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha kiini cha jambo ninalotaka kulijadili na walimu na wanafunzi wa Kaskazini Mashariki. Programu za kuiga saketi zimeingia vyuoni na shuleni, na zinaendelea kuingia. Nazikaribisha. Lakini tumezipokea kwa kuzisifu uzuri wake bila kuuliza kasoro zake, na tumeyapokea masasisho yake kama mvua, yanyeshe yanapotaka. Maoni yangu ni kwamba taasisi yoyote ya eneo letu inayotaka kufundisha kwa programu hizi yapasa izijue kasoro zake kwanza, izifundishe waziwazi kama sehemu ya somo, na ipange yenyewe siku ya kubadilisha toleo. Asiyefanya hivyo anawapa vijana kifaa kinachosema uongo mara chache tu, na uongo wa mara chache ndio mgumu kuugundua.

Hebu kwanza tutazame programu hizi zilitoka wapi. SPICE ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, na ilitangazwa mwaka 1973. Aliyeiandika ni mwanafunzi, Laurence Nagel, chini ya uongozi wa Profesa Donald Pederson, ambaye alishikilia kwamba programu hiyo itolewe kwa umma bila kufichwa. Ukarimu huo ndio uliofanya uzao wake uenee duniani kote. Ngspice, ambayo hutolewa bure na imeunganishwa na programu ya KiCad ya kuchorea saketi, ni ya ukoo huo. LTspice, iliyobuniwa na Mike Engelhardt katika kampuni ya Linear Technology na ambayo tangu 2017 iko mikononi mwa Analog Devices, ni ya ukoo huo pia, nayo hutolewa bila malipo. Kando ya ukoo huo kuna maigizo mepesi ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ambayo mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili na yanawafaa sana wanafunzi wa sekondari.

Kwa eneo kama letu, faida ya vifaa hivi haihitaji mjadala mrefu. Kutoka Garissa hadi Luthuli Avenue, Nairobi, ambako ndiko soko kuu la rezista, kapasita na transista, ni takribani kilomita 370, na kutoka Mandera ni mbali zaidi ya maradufu. Barabara yenyewe haiaminiki. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliikata njia ya Nairobi karibu na daraja la Mto Tana, watu wakavushwa kwa mashua. Mwanafunzi aliyeunguza transista yake ya mwisho wiki kama hiyo hana pa kuipata nyingine. Katika tarakilishi anaweza kuunguza mia moja na bado akaanza upya.

Tena kuna suala zito la walimu. Novemba 2014 basi lilishambuliwa katika Kaunti ya Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hili. Hakuna mwenye moyo wa utu anayeweza kumlaumu mwalimu aliyeondoka ili kuokoa maisha yake. Lakini waliobaki nyuma ni wanafunzi, na masomo yaliyoumia zaidi ni ya sayansi na hisabati, ambayo mwalimu wake hapatikani kwa siku moja. Ni jambo la kueleweka, basi, kwamba wapo wanaoitazama programu ya kuiga saketi na kusema: hii hapa maabara, na hiki hapa kijalizo cha mwalimu wa fizikia.

Hapo ndipo natofautiana nao. Mahali penye mhadhiri mzoefu, kasoro ya programu haimdhuru mtu sana, kwa maana mhadhiri atatazama jibu na kusema mara moja kwamba haliwezekani. Mahali ambapo mwalimu ni mmoja kwa madarasa manane, au hayupo kabisa, kioo cha tarakilishi ndicho kinachogeuka mwalimu, na hakuna wa kukisahihisha. Kwa hiyo kasoro zile zile, katika toleo lile lile, huwa ndogo Nairobi na kubwa Mandera. Kadiri walimu wanavyopungua, ndivyo orodha ya kasoro inavyozidi kuwa ya lazima.

Nitataja chache, na kila mwalimu aliye karibu na tarakilishi anaweza kuzijaribu leo.

Ya kwanza ni ya herufi. Katika lugha ya SPICE, herufi M haimaanishi mega. Inamaanisha mili. SPICE ilitungwa katika zama ambazo maagizo ya tarakilishi yalitobolewa katika kadi, kwa herufi kubwa tupu, hivyo hapakuwa na njia ya kuitenga M kubwa na m ndogo. Anayetaka mega lazima aandike MEG. Mwanafunzi aliyefundishwa vyema katika fizikia kwamba rezista ya ohmu milioni moja huandikwa 1M, akaandika hivyo hivyo katika programu, atapewa rezista ya sehemu moja ya elfu ya ohmu. Amekosea mara bilioni moja, na programu haikohoi. Vivyo hivyo, anayeandika 1F akikusudia faradi moja atapewa femto moja, yaani kapasita ndogo kiasi kwamba ni kana kwamba haipo. Mwanafunzi huyu anaadhibiwa kwa kuandika sawasawa na kitabu chake.

Ya pili ni ya ulinganifu. Saketi ya transista mbili zinazopokezana kuwaka, ambayo hutumiwa kumulikisha taa za kumetameta na ambayo ni ya kawaida katika mafunzo ya mwanzo, mara nyingi hukataa kuanza ndani ya programu. Sababu ni kwamba tarakilishi huziona transista zote mbili kuwa sawa kabisa, hata chembe ya tofauti hakuna, kwa hiyo hakuna ya kutangulia. Zinasimama zikitazamana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake apite kwanza. Katika ubao wa majaribio saketi hiyo hiyo itawaka mara moja, kwa sababu transista mbili za dukani hazifanani kamwe. Dawa ni kuiambia programu hali ya kuanzia, au kuipandisha volti ya chanzo polepole kuanzia sifuri. Lakini asiyejua atatupa saketi iliyo sahihi.

Ya tatu ni ya sehemu zinazoelea. Programu hizi hudai kwamba kila kiungo cha saketi kiwe na njia ya umeme mnyoofu ya kufika kwenye kiungo sifuri, yaani ardhi. Weka kapasita mbili zikifuatana bila rezista kando yake, na hesabu itakwama kwa ujumbe wa Kiingereza wa kihisabati ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuufasiri. Rezista moja kubwa sana iliyounganishwa na ardhi humaliza tatizo. Maelezo yake yanajaza mistari miwili, na mistari hiyo miwili ikikosekana darasa zima laweza kupoteza kipindi cha saa mbili.

Ya nne ndiyo ya hatari kuliko zote: vitu visivyoungua. Unganisha rezista ya ohmu 10 na betri ya volti 12 katika programu nyingi, nawe utaambiwa kwamba mkondo ni ampea 1.2. Jibu ni sahihi. Lakini rezista hiyo inabeba wati 14.4, na ile ndogo ya kawaida iliyo mkononi mwa mwanafunzi imetengenezwa kwa robo wati. Duniani itatoa moshi na kumchoma vidole. Katika programu za kawaida za SPICE sehemu zote hubaki katika joto lile lile ulilotaja mwanzoni, hata kama mojawapo inapokea nguvu za kuchemshia chai. Betri nayo haichoki, waya hauna ukinzani, na swichi haishiki kutu wala vumbi.

Mwalimu wa kidato cha nne aangalie jambo hili la betri kwa makini. Kupima ukinzani wa ndani wa seli ni zoezi linalojulikana vizuri kwa yeyote aliyeandaa watahiniwa wa karatasi ya tatu ya fizikia katika KCSE. Akilifanyia mazoezi katika programu ambayo seli yake haina ukinzani wa ndani, mstari wa grafu utalala bila mteremko, na mwanafunzi atajifunza kwamba kile anachotakiwa kukipima hakipo. Baadhi ya programu, PhET ikiwemo, humruhusu mtumiaji kuweka ukinzani huo. Lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba unapaswa kuwekwa.

Msomaji atauliza: je, kasoro hizi haziwezi kuondolewa kwa kuleta toleo jipya? Nyingine zinaweza, nyingine haziwezi. Hii ya herufi M imejulikana kwa zaidi ya miaka 50 na bado ipo, kwa sababu maelfu ya saketi na vielelezo vya transista vimeandikwa kwa kuifuata, na mwenye kuirekebisha leo atavunja kazi ya vizazi viwili vya wahandisi. Nyuzijoto 27 si kosa; ni dhana iliyolazimu kuchaguliwa na mtu fulani, mahali fulani, nasi ndio tunaopaswa kuibadilisha. Anayengoja sasisho la kumfundishia wanafunzi atangoja sana.

Na masasisho yenyewe huja na adha zake. KiCad ilitoa toleo la 7 Februari 2023, la 8 Februari 2024, na la 9 Februari 2025. Kila mwalimu nchini anajua Februari ni wakati gani: ni katikati ya muhula wa kwanza. Faili iliyohifadhiwa katika toleo jipya haifunguki katika toleo la zamani. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepata toleo jipya kwa nduguye Eastleigh, akafanyia kazi yake humo na kuirudisha chuoni, anaweza kuambiwa na tarakilishi ya chuo kwamba kazi ya wiki tatu haisomeki. LTspice 24, iliyotoka mwaka 2024, inadai Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi. Windows 10 yenyewe ilikoma kupewa huduma ya kawaida na Microsoft Oktoba 14, 2025, na tarakilishi nyingi kuukuu, za aina ambayo shule zetu hupewa kama msaada, haziwezi kupokea Windows 11. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Desemba 2020, Flash ilizikwa rasmi, na masomo mengi ya kuigiza yaliyotegemea Flash yakafa nayo. PhET waliokoka kwa sababu walianza mapema kuyaandika upya maigizo yao. Shule iliyokuwa imehifadhi yale ya zamani pekee ilibaki na mafaili yasiyofunguka.

Kuna pia programu zinazotumika ndani ya intaneti pekee. Ni nzuri kwa mwenye mtandao. Lakini katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera minara ya simu imewahi kulipuliwa na washambuliaji zaidi ya mara moja, na vijiji vikakaa bila mawasiliano. Mtihani wa vitendo unaotegemea mnara ni mtihani uliowekwa mikononi mwa mtu mwingine.

Wapo watakaoona kwamba nayakuza mambo madogo. Nawakumbusha mwaka 1991. Februari 25 mwaka huo, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Iraki na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Saa ya ndani ya mtambo, uliokuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, ilikuwa imepotoka kwa takribani theluthi moja ya sekunde. Kasoro hiyo ilikuwa inajulikana. Watumiaji walikuwa wametumiwa ujumbe kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kungeleta tatizo, ila hawakuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha tena kungetosha. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran Februari 26, siku moja baada ya maafa.

Agosti 23 mwaka huo huo, karibu na Stavanger, Norwe, msingi wa zege wa mtambo wa mafuta uitwao Sleipner A ulipasuka na kuzama ukiwa katika majaribio. Programu ya tarakilishi iliyotumika kukadiria nguvu katika kuta zake ilikuwa programu mashuhuri, lakini waliyoilisha ilikuwa ramani iliyogawanywa kwa vipande visivyofaa, na jibu likapungua kwa asilimia 47. Walioamini jibu hilo walikuwa wahandisi waliosoma sana. Sembuse mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na mwalimu?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba masasisho yakataliwe. Yale ya usalama, yanayoziba mianya ya virusi, yafuatwe bila kuchelewa, hasa katika tarakilishi zilizounganishwa na mtandao. Wala siwatetei wanaotumia nakala za programu za kibiashara zilizovunjwa kufuli. Nakala hizo hazisasishwi, hubeba virusi, na humfundisha mhandisi mtarajiwa kwamba wizi ni sehemu ya taaluma, ilhali programu huru za kufanya kazi hiyo hiyo zipo bure. Ninachosema ni kwamba toleo la programu ya kufundishia lisibadilishwe kiholela.

Napendekeza hatua nne ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila taasisi ichague toleo moja na ilishikilie kwa mwaka mzima wa masomo. Mabadiliko yafanywe wakati wa likizo ya Novemba na Desemba, baada ya mwalimu kujaribu saketi zote za mwaka huo katika toleo jipya. Nakala ya kusakinishia ihifadhiwe katika diski ya chuo, ili tarakilishi ikiharibika isihitajike intaneti kuirudisha, na wanafunzi wainakili hiyo hiyo.

Pili, kila maabara iwe na daftari la kasoro. Nasema daftari la karatasi, lenye jalada gumu, lifungwe kwa kamba juu ya meza. Anayekumbana na tatizo aandike tarehe, toleo la programu, alichokifanya, kilichotokea, na dawa ikipatikana. Aandike kwa Kiswahili, kwa Kisomali au kwa Kiingereza, mradi aeleweke. Mtoto wa huku huongea Kisomali nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza katika mtihani; programu inapokwama humsemesha kwa lugha ya nne ambayo hakuna aliyemfundisha. Taasisi ya kitaifa ya North Eastern, iliyoko Garissa, au Chuo Kikuu cha Garissa, inaweza kukusanya madaftari hayo kila mwaka na kuchapa kijitabu chembamba kwa ajili ya shule za kaunti zote tatu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tarakilishi moja.

Tatu, kila saketi iliyoigwa ijengwe, hata ikiwa ni kikundi kimoja tu kitakachoijenga na wengine watazame. Alama zitolewe kwa mwanafunzi anayeeleza tofauti kati ya kilichoonekana katika kioo na kilichopimwa kwa mita. Baraza la Mitihani, KNEC, na baraza la TVET CDACC linalosimamia mitaala ya vyuo vya ufundi, yalitazame jambo hili. Mtahiniwa anayejua kwa nini tarakilishi ilikosea ameelewa zaidi kuliko yule aliyenakili grafu nzuri. Serikali za kaunti, ambazo kwa Katiba ya 2010 ndizo zenye dhamana ya vyuo vya ufundi vya vijijini, zinunue mita, ubao wa majaribio na pakiti za rezista kabla ya kununua tarakilishi nyingine.

Nne, TSC na Wizara ya Elimu zisiihesabu programu kuwa mwalimu. Mtaala wa umilisi umeweka njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika shule ya upili ya juu. Njia hiyo haiwezi kupitika Wajir kwa programu peke yake. Vijana wenyeji waliosomea fizikia na uhandisi washawishiwe kwa mishahara na nyumba warudi kufundisha kwao.

Kwa nini nayasisitiza haya kwa eneo hili hasa? Kwa sababu vijana hawa hawasomei kazi za mbali. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina uwezo wa megawati 50 na kimetandaza paneli zaidi ya 200,000 juu ya hekta 85. Mradi wa umeme wa jua wa K-OSAP ulibuniwa kwa kaunti 14 zilizo nje ya gridi, na zetu tatu zimo. Visima virefu vingi vya mifugo sasa huvutwa maji kwa pampu za jua. Nambari za paneli hizo hupimwa kiwandani kwa nyuzijoto 25. Paneli ya kawaida ya silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Uso wake ukifika 65, jambo la kawaida katika jua letu, paneli iliyoandikwa wati 100 hutoa 84 hivi. Fundi aliyepanga pampu ya kisima kwa hesabu ya kioo, bila kuliingiza joto, atakuwa amewapunguzia wafugaji karibu sehemu moja ya sita ya maji yao. Atakuwa amefanya hivyo saa za adhuhuri, katika miezi ya kiangazi, wakati ngamia na mbuzi wamekusanyika birikani. Wakazi wa hapa waliopitia ukame wa 2020 hadi 2023 hawahitaji kuelezwa maana ya sehemu hiyo moja ya sita.

Walimu, daftari ninalolisema linaweza kununuliwa katika duka lolote la vitabu mjini Garissa kabla ya muhula ujao kufunguliwa. Ukurasa wake wa kwanza uandikwe jina la programu, nambari ya toleo, na tarehe ya kusakinishwa. Kisha mstari wa kwanza wa kasoro usomeke hivi: programu hii hudhani joto ni nyuzi 27, kabla ya kuanza, pima joto la hapa na uliandike.